Tundu Nililoliziba

Kazi yangu ni kuziba matundu, na sioni haya kuisema hivyo. Wanawake wenzangu wa hapa Arua wanauza vitenge, wanasuka nywele, wanapika mandazi. Mimi Zuhurah nakandika kuta. Kila mwaka tumbaku inapokaribia kuvunwa, wakulima wa Koboko na Omugo wananiita niwakagulie mabani yao. Bani ni ile nyumba ndefu ya matofali isiyo na dirisha, ambamo majani ya tumbaku hutundikwa na kukaushwa kwa joto siku tano au sita. Ikivuja hewa, majani yanageuka meusi na jasho la mwaka mzima linaishia jalalani. Ndiyo maana wananivumilia, kwa sababu mdomo wangu si mtamu na wote wanalijua hilo.

Chombo changu ni mshumaa. Nafunga mlango wa bani, nasubiri macho yazoee giza, nawasha, halafu natembea polepole kandokando ya ukuta. Hewa ikiwa imetulia, mwali unasimama wima, mwembamba juu, mnene chini, umbo la punje ya mpunga. Penye ufa unaoingiza upepo, mwali unaukimbia ukuta. Penye ufa unaotoa upepo, unaulalia. Ukitetemeka bila kuelekea popote, ujue kuna matundu mawili yanagombana. Moto wa tanuri ukiwashwa, hewa baridi huingia kwa chini na ya moto hutoka kwa juu, kwa hiyo mwali ukiwa chini unakuja kwako na ukiwa juu unakwenda ukutani. Haya sikuyasoma darasani, ni miaka kumi na minane ya kubeba nta vidoleni. Na jambo moja halijawahi kubadilika: kwa wakati mmoja tundu linaingiza au linatoa. Haliwezi kufanya yote mawili kwa zamu, kwa mpangilio.

Mwaka jana, mwezi wa saba, mdogo wangu Faridah alinipigia simu kutoka Koboko. Faridah aliolewa na Santo, Mkakwa, Mkristo, mkulima wa tumbaku. Baba yetu aliikataa ndoa ile, akafa bado ameikataa. Mimi sikuikataa, ila Santo sikumpenda, na mpaka leo sijaanza. Ni mtu anayejua kila kitu na kila kosa ni la jirani. Faridah aliniambia mume wake amejenga bani mpya, nzuri, lakini joto halikai ndani. Sauti yake ilikuwa ndogo mno, nikadhani ni mtandao.

Nilishuka Koboko saa tatu asubuhi, nikanywa chai na chapati sokoni, nikapanda boda mpaka kwao. Siku ilikuwa ya kawaida kabisa. Jua lilikuwa la wastani, kuku wanachakura, redio ya Santo inapiga kelele za mpira kana kwamba Onduparaka wanacheza pale uani. Wa kwanza kunipokea alikuwa mtoto wao, Night Poni, wa miaka saba, mwembamba, mwenye maswali yasiyoisha.

"Mama mukubwa, umeleta ile kandili?"

"Kandili gani? Huu ni mshumaa, wewe."

Nilikuwa na mchezo naye. Naketi jikoni mlango ukiwa umerudishwa, naushika mshumaa mbele ya uso wake, na kazi yake ni kuuinamisha mwali bila kuuzima. Poni alibana midomo, akatoa pumzi kidogokidogo. Mwali ukamkimbia, ukainama kuelekea kwangu. Alipovuta hewa ukarudi, ukamwelekea kidogo, ukasimama. Akapumua tena, ukanijia tena. Tulicheka wote wawili mpaka Faridah akatuambia tunamaliza nta bure. Yeye hakucheka. Alikuwa amekonda, kitambaa cha kichwa kimemlegea, na kila mara aliangalia upande wa bani.

Santo akaja akijifuta mikono. "Shemeji, umefika. Hii bani iko sawa kabisa, mimi mwenyewe nilijenga. Lakini joto inakimbia. Nafikiri ni hewa ya huku."

"Hewa ya huku ni ileile ya kwingine," nikamjibu. "Nipe ufunguo."

Lazima nikiri, ukuta ulikuwa mzuri. Niliupapasa nikaona wivu. Ulikuwa laini, mwekundu, hauna ufa hata mmoja. Nikajua mara moja ni udongo wa kichuguu. Hakuna fundi asiyejua kwamba udongo uliopitia midomo ya mchwa haupasuki. Nilimuuliza Santo amekipata wapi kichuguu kikubwa hivyo. Akasema kilikuwa palepale tuliposimama, amekibomoa, amefyatua matofali yake, na bani ameiweka juu ya mahali pake kwa sababu ardhi ni ngumu. Alisema haraka, akaenda zake kutazama kuni.

Nikaingia, nikafunga mlango kwa komeo, nikawasha mshumaa.

Ukuta wa kwanza, mwali wima. Wa pili, wima. Wa tatu, wima. Nikaanza kufikiri kwamba Santo ananipotezea muda. Nikafika kona ya mbali, upande wa mashariki, nikachuchumaa. Kwenye urefu wa goti palikuwa na tundu, dogo, kidole changu cha shahada kingeingia. Mwali ukaulalia ukuta. Vizuri, nikasema, hewa inatokea hapa. Nilikuwa nanyoosha mkono nichukue udongo wakati mwali ulipoacha kuulalia ukuta, ukasimama, halafu ukainama upande wangu.

Nikangoja. Ukarudi ukutani. Ukasimama. Ukanijia.

Nikahesabu, maana ndiyo kazi yangu. Kuelekea ukutani, moja, mbili. Kusimama. Kunijia mimi, moja, mbili, tatu, nne, tano, na huku kunijia kulikuwa na mtetemo, mwali ulichezacheza kama unaosukumwa kwa shida. Kisha tena. Mbili kwa ndani. Tano kwa nje, kwa mtetemo. Nikaweka sikio karibu. Kulikuwa na mluzi mwembamba sana. Na harufu, ambayo kwa kweli si mbaya, harufu ya kumbikumbi waliokaangwa.

Sikuogopa. Nasema kweli. Nilijua vichuguu vina njia za hewa, mchwa wanazijenga chini mpaka futi nyingi, na kichuguu huvuta hewa na kuitoa kadiri jua linavyopanda na kushuka. Huyu mjinga amejenga juu ya mashimo ya mchwa, nikajiambia, ndiyo yote hayo. Ila jua hupanda mara moja kwa siku. Lile tundu lilipumua mara kumi na mbili kabla sijainuka pale.

Nilizunguka nje nikague upande wa pili wa kona ile. Ukuta ulikuwa mzima, hakuna hata alama ya kucha. Nilipoinuka nikamkuta mwanamume amesimama kwenye mpaka wa shamba, jembe begani, ananitazama. Hakunisalimia. Alikuwa Yakani, jirani. Niliwahi kumwona mara moja kwenye arusi ya Faridah, akiwa na mama yake mzee.

"Wewe ndio mutu wa kufunga matundu," akasema.

"Ndiye mimi."

"Ile ya kona, wacha yeye. Usifunge."

"Na wewe umelijuaje la kona, kama mlango una kufuli?"

Akasogea mpaka vidole vya miguu vikagusa mpaka, hakuuvuka. Akanong'ona, "Ukifunga hapa, itatafuta mahali ingine."

Nilimtazama nikaona hasira tupu. Nikadhani namwelewa: huyu anataka tumbaku ya jirani yake ioze. Nimewaona wengi wa namna hiyo. Nikamwambia akalime shamba lake aniachie ukuta wangu. Akatema mate chini, upande wake wa mpaka, akaondoka.

Jikoni nilimkuta Faridah anachambua mboga, na mboga yenyewe ilikuwa imeshachambuliwa. Nikamuuliza kuna nini kati yao na Yakani. Akamtuma Poni akalete kuni. Alipohakikisha mtoto yuko mbali, akasogeza kigoda mpaka goti lake likagusa langu.

"Kichuguu ilikuwa ya mama yake," akasema.

Kwa watu wa kule, kichuguu kina mwenyewe hata kama shamba ni la mtu mwingine. Mtu hukirithi kwa mama au bibi yake, na kumbikumbi wakitoka ni yeye peke yake mwenye haki ya kuwavuna. Mama Yakani alikuwa na kile chake ndani ya shamba la Santo. Santo alimwomba udongo, akakataa. Aliomba tena, akamtukana. Miaka miwili hawakuamkiana. Halafu mwezi wa nne, asubuhi baada ya mvua, kumbikumbi wakatoka, na mwanamke yule akaja na ungo wake, akapiga magoti, akaanza kuwazoa. Alikuwa na pumu ya siku nyingi. Pumu ikamshika pale pale.

"Yakani alikuwa Congo, sokoni," Faridah akanong'ona. "Hakuna mutu. Sisi tu. Dada, tulimusikia. Alikuwa anaita maji. Anavuta kidogo, anatoa kwa shida, anaita."

"Mkafanya nini?"

"Poni alichukua kikombe. Alikuwa anakimbia nayo. Santo akamurudisha. Akasema huyu mama ni adui yetu, akikunywa maji ya nyumba hii halafu akufe, watasema tumemupa sumu. Watachoma nyumba. Akamushika Poni mukono, akafunga mulango." "Tulimusikia mpaka saa sita. Halafu ikawa kimya."

Nilikaa nikimtazama mdogo wangu. Najua watu wanavyosema sumu huku kwetu, najua nyumba zilizochomwa kwa neno hilo moja. Santo hakuogopa bure. Lakini nilitamani kumpiga makofi, na Faridah nimpige pia, na nilimwambia hivyo. Akasema nimpige tu. Mwili ulikuwa haujazikwa Santo alipoanza kukibomoa kichuguu.

"Usizibe, dada," akasema. "Hata Yakani anajua. Iko anakuja kila asubuhi anasikiliza."

Hapo ndipo nilipokosea, na sitamsingizia mtu. Ningeweza kuchukua mfuko wangu nikaenda. Lakini nimekuwa fundi miaka kumi na minane na sijawahi kuacha tundu wazi, na sikukubali kutishwa na ukuta. Nilitaka kumwonyesha Faridah kwamba tundu ni tundu. Nilitaka pia, lazima niseme, kumfunga mdomo yule mwanamume wa jembe. Nilikuwa na hasira na watu wote wa mahali pale, na hasira yangu nikaimalizia kwenye udongo.

Saa tisa alasiri niliukanda. Niliuchukua kwenye lundo la Santo, udongo uleule wa kichuguu, nikauchanganya na nyasi zilizokatwakatwa. Nikaingia. Nikaweka komeo. Nikawasha mshumaa, nikaukalisha sakafuni, umbali wa hatua moja.

Mwali bado ulikuwa unakwenda na kurudi. Mbili kwa ndani. Tano kwa nje.

Nikaweka donge la kwanza. Likavutwa ndani. Halikuanguka, lilivutwa, likatoweka, na nikasikia kitu kinakohoa mbali sana chini.

Nikaweka la pili, kubwa zaidi, nikalisukuma kwa kiganja chote. Nikakandamiza. Kiganja kikapoa. Kikalowa. Ukuta ulinivuta. Ukanisukuma. Ukanivuta. Nikakandamiza kwa uzito wangu wote, bega limegusa ukuta, meno nimeyauma. Ilianza kwenda mbio. Haikuwa tena mbili na tano. Ilikuwa moja na moja. Nusu na nusu. Nilijua kabisa ninachofanya. Mkono wangu ulijua. Mtu yeyote aliyewahi kumziba mtoto pua kwa mzaha anajua hali ile.

Sikuutoa mkono.

Kisha ikaacha.

Nilikaa hivyo kwa muda. Nikageuka kutazama mshumaa. Mwali ulikuwa umesimama wima, mzuri, hauendi kokote. Nikacheka peke yangu, kwa sauti, nikalainisha kiraka kwa maji na kidole gumba. Ilikuwa kazi safi. Nikaokota mshumaa niende.

Mwali ukainama.

Haukuinama kuelekea kwenye kona. Uliiacha kona, ukainama upande wa mlango. Nikafikiri mlango umefunguka, hewa inatoka. Lakini mlango ukifunguka mwanga huingia, na ndani kulikuwa giza. Niliunyoosha mshumaa mbele, nikaufuata. Kadiri nilivyosogea ndivyo ulivyozidi kulala. Niliona kwanza komeo. Lilikuwa mahali pake, limefungwa.

Chini ya komeo, mgongo umegusa mlango, alisimama Poni. Ameshika kikombe cha plastiki kwa mikono miwili.

"Umeingiaje?" nikauliza.

"Nimeleta maji," akanong'ona.

"Ya nani?"

"Ya bibi. Ameniita tena."

Mwali ulijivuta. Sijawahi kuona mwali ukirefuka vile. Ulilala kabisa, mwembamba kama uzi, urefu wa kiganja, ncha yake ikiuelekea mdomo wa mtoto. Nilijaribu kuukinga kwa mkono wa pili. Haukujali mkono. Ukakatika kwenye utambi. Ukaenda.

Giza.

Nikasikia anavuta pumzi. Ilikuwa ndefu. Ikaendelea. Kifua cha mtoto wa miaka saba hakina nafasi ya pumzi ile. Nikangoja aitoe. Nikangoja. Kikombe kikaanguka sakafuni, kikadunda, kikabiringika. Sikusikia maji kumwagika.

Nilimbeba nikauvunja mlango kwa bega, komeo sikulikumbuka. Nje kwenye jua nikamtazama. Hakuwa amezimia. Alikuwa macho, ananitazama usoni kwa utulivu, na midomo imefumba. Tulimpakia kwenye boda, mimi na Faridah, tukamkimbiza kwenye zahanati moja mjini. Nesi alimsikiliza kifua. Akasema mapafu yako safi, mtoto iko anavuta hewa muzuri. Akasikiliza tena, mara hii kwa muda mrefu. Akatoa vile vya masikioni, akavifuta kwa shuka, akatuambia tumrudishe nyumbani. Hakutaka kumshika tena.

Tuliporudi, Santo alikuwa ameingia ndani ya bani na jembe. Nadhani Faridah alimpigia simu. Alikuwa amekipiga kiraka changu, nacho kimetoka kizima, donge moja lenye ukubwa wa ngumi. Halikuwa na saa tatu tangu nilikande kwa maji, na lilikuwa kavu, gumu kama tofali lililochomwa. Nyuma yake hapakuwa na tundu. Ukuta ulikuwa laini, mzima, kama haujawahi kutobolewa.

Santo alinipa lile donge. Upande mmoja kulikuwa na kiganja changu, mistari yote, hata kovu la kidole gumba. Nikaligeuza. Upande wa ndani kulikuwa na alama ya mdomo wa mtu mzima, wazi, umeuma. Juu yalionekana meno. Chini, mbele, palikuwa na pengo, lile pengo la wazee wa zamani wa kule, waliong'olewa meno ya chini wangali vijana.

Yakani alikuwa amesimama kwenye mpaka. Mara hii aliuvuka. Alinyoosha mkono, nikampa donge, akalifunga ndani ya shati lake. Nilitegemea atukane. Alikuwa analia.

"Hapo ilikuwa inapumua tu," akasema. "Haikuwa inasumbua mutu." Akamtazama Poni aliyekaa mkekani. "Sasa imepata mahali."

Usiku uleule Faridah alinipigia magoti, mdogo wangu aliyekataa kumpigia magoti baba. Akasema nimchukue Poni, nimpeleke Arua, mbali na ukuta ule. Sikuwa na uso wa kukataa. Santo hakuja kutuaga. Nasikia bani ile haijawahi kuwashwa, na kwamba kila asubuhi anaingia mle na kikombe cha maji, anakimwaga kwenye kona. Simwonei huruma, lakini simcheki tena.

Poni yuko kwangu mwaka sasa. Anakwenda shule. Anakula, anacheza kamba, amenenepa mashavu. Majirani wanasema nimemlea vizuri. Analala kitanda kimoja na binti yangu Medina, wa miaka tisa, na wanapendana kama mapacha. Medina hakuwahi kuugua kifua maisha yake. Alianza kukohoa mwezi wa pili baada ya Poni kuja. Sasa anatembea na dawa ya kuvuta mfukoni, na usiku nikimsikiliza, anavuta kidogo, anatoa kwa shida. Nimewatenganisha vitanda. Nimewatenganisha vyumba. Imekuwa vilevile. Daktari ananiuliza kama ndani kwangu kuna vumbi.

Nimefanya jambo ambalo mafundi wenzangu wakilisikia watanicheka. Nimechukua nyundo na msumari mrefu nikatoboa kuta zangu. Chumba cha Poni kina matundu kumi na tisa, kwenye urefu wa goti, kila moja la kidole cha shahada. Nimeyapuliza. Nimeyanong'oneza. Nimeliwekea kila moja kikombe cha maji. Nimempigia Yakani simu, nikamwomba aje alisikilize hata moja tu. Akasema hataki kuingia nyumbani kwangu. Akakata.

Jana baada ya magharibi umeme ulikatika mtaa mzima. Medina alikuwa amelala chumbani. Nikafunga madirisha, nikaziba chini ya mlango kwa kanga, nikawasha mshumaa, nikaukalisha mezani katikati yangu na Poni. Mwali ukamwinamia. Nikaubadilisha mahali, nikauweka nyuma yake. Ukageuka, ukamwinamia kisogoni. Nikaurudisha mezani. Mimi namjua huyu mtoto, nilicheza naye. Ninajua anavyouinamisha mwali na unavyorudi. Nikabana pumzi yangu nisiuharibu, nikahesabu.

Kumi. Ishirini. Mwali umemlalia, hautetemeki.

Arobaini. Kifua kilianza kuniwaka. Nilikuwa nasubiri unijie mimi mara moja tu, kidogo tu, nijue kwamba ndani yake bado kuna kitu kinachotoka.

Poni alinitazama juu ya mwali. Akainama karibu kabisa na moto, kwa upole, namna mtoto anavyomwinamia mama yake.

"Mama mukubwa," akaninong'oneza, "usibane. Achia. Mimi nasubiri."

Maneno yote sita yalinifikia. Mdomo wake ulikuwa inchi moja kutoka kwenye mwali, na muda wote alipokuwa akisema, mwali ulikuwa unaingia.